Utando wa Grafini na Funzo la Mkonge

Mwanafunzi wa sekondari aishiye Nguvumali, katika jiji la Tanga, hushika kinywe mkononi kila siku ya masomo, na pengine hakitambui. Kile kijiti cheusi kilichomo ndani ya penseli ni mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na kinywe, yaani kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka. Mwanafunzi huyohuyo husikia redioni na kusoma magazetini kwamba Tanzania ina akiba kubwa ya kinywe huko Merelani, Mahenge na Ruangwa. Husikia pia kwamba bapa moja la kinywe huitwa grafini, na kwamba grafini huenda ikatumika katika vifaa vya elektroniki vya siku zijazo. Akiyaunganisha mambo hayo mawili, ni rahisi afikie hitimisho moja: nchi yenye kinywe ardhini ndiyo itakayomiliki elektroniki mpya.

Hitimisho hilo lina mvuto, lakini si sahihi. Utando wa grafini unaofaa kwa elektroniki hauchimbwi, bali huoteshwa. Tena, aghalabu hauoteshwi kutokana na kinywe, bali kutokana na gesi iliyo rahisi kupatikana. Kilicho adimu ni ujuzi wa kuitumia kaboni, wala si kaboni yenyewe. Kijana anayeambiwa kwamba utajiri wa elektroniki umelala chini ya miamba ya nchi yake, ukingoja kuchimbuliwa tu, anapotoshwa. Na yafaa jambo hili lisemwe Tanga kabla ya kwingineko, kwa sababu Tanga ilikwisha kufundishwa somo hilo na mkonge.

Bapa moja la kinywe

Kaboni ni elementi yenye sura nyingi. Katika almasi kila atomi imeshikamana na nyingine nne kwa pande zote, na humo ndimo utokamo ugumu wake. Katika kinywe, kila atomi imeshikamana na jirani zake watatu tu, nazo zote zimelala katika bapa moja, zikifanya pembesita zilizoungana mfano wa sega la nyuki. Mabapa hayo yamelaliana kwa umbali wa nanomita 0.335, na mshikamano kati ya bapa na bapa ni dhaifu. Ndiyo maana penseli huandika: mkono ukisukuma, mabapa huteleza na kubaki juu ya karatasi.

Nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Mwanafunzi akigawanya, ataona kwamba kipande cha kinywe chenye unene wa milimita 1 kina mabapa yapatayo milioni 3. Bapa moja likitengwa peke yake, hilo ndilo grafini.

Wataalamu wa nadharia walilifahamu bapa hilo muda mrefu kabla halijashikwa. Mwaka 1947 Philip Wallace alikokotoa tabia ya elektroni zake ili aelewe umeme unavyopita katika kinywe. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 2004 ndipo Andre Geim na Konstantin Novoselov, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walipotangaza kwamba wamelitenga bapa hilo na kupima umeme wake. Chombo chao kilikuwa selotepu. Walibandua kinywe tena na tena mpaka vikabaki vipande vyembamba mno, wakavihamishia juu ya silikoni na kuvitafuta kwa hadubini. Mwaka 2010 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Walichokiona kiliwashangaza wengi. Elektroni hupita ndani ya grafini kwa wepesi mkubwa kuliko ndani ya silikoni. Bapa hilo huzuia asilimia 2.3 tu ya mwanga unaolipitia, kwa hiyo karibu halionekani. Hupindika bila kukatika. Lakini vipande vilivyobanduliwa kwa selotepu vilikuwa vidogo sana, na kila kimoja kilikuwa na umbo lake. Mtafiti aweza kukipima kipande kimoja akaandika makala, ila kiwanda hakiwezi kubandua selotepu mchana kutwa na kuokota vipande kimoja kimoja. Elektroniki hudai utando mpana, ulio sawa kila mahali, na uwezao kurudiwa kesho kama ulivyofanywa leo. Hapo ndipo kinywe kilipoachwa njiani.

Jinsi utando unavyooteshwa

Mwaka 2009 Xuesong Li, Rodney Ruoff na wenzao katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani, walieleza njia ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi nyingi za aina hii. Karatasi ya shaba, nyembamba kuliko ile inayofungia sigara, huwekwa ndani ya mrija wa kioo kinachostahimili joto kali, na mrija huingizwa katika tanuri. Hewa hufyonzwa na pampu. Haidrojeni hupitishwa ili kuondoa kutu ya shaba, na joto hupandishwa mpaka kufikia takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi. Shaba huyeyuka katika nyuzi 1,085, kwa hiyo karatasi hiyo hufanyiwa kazi ikiwa karibu kabisa na kuyeyuka. Kisha huingizwa kiasi kidogo cha methani, gesi ambayo kila molekuli yake ina atomi moja ya kaboni na nne za haidrojeni.

Molekuli za methani zigusapo shaba ya moto huvunjika. Haidrojeni huondoka, na atomi za kaboni hubaki zikitangatanga juu ya uso wa shaba. Zikutanapo hushikana na kufanya kijisiwa, na atomi nyingine hujiunga kingoni mwake. Aliyepata kuyatazama mashamba ya chumvi ya pwani atalielewa jambo hili kwa urahisi. Maji yanapokauka, chumvi haitandi yote kwa mara moja. Huanza kwa vipande vidogo hapa na pale, navyo vipande hukua mpaka vikagusana.

Hapa shaba huonyesha tabia yenye manufaa makubwa. Kaboni huyeyuka ndani ya shaba kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo hubaki juu. Na kwa kuwa ni shaba iliyo wazi ndiyo inayovunja methani, uso ukisha kufunikwa na bapa moja kazi hupungua na karibu kusimama yenyewe. Nikeli haiko hivyo. Yenyewe huimeza kaboni ikiwa moto na kuitema inapopoa, na matokeo yake ni tabaka nyingi zisizolingana. Kuchagua shaba badala ya nikeli kulileta tofauti kubwa, na uchaguzi huo ulitokana na kufahamu jinsi kila metali inavyochukuliana na kaboni.

Mwaka uliofuata, 2010, watafiti wa Korea Kusini, wakiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan, walionyesha utando wenye ulalo wa inchi 30, uliooteshwa juu ya shaba na kuhamishwa kwa rola kama karatasi katika mtambo wa kuchapia. Kwa utando huo walitengeneza skrini ya kugusa. Katika muda wa miaka 6 tangu kazi ya Manchester, grafini ilikuwa imetoka katika kipande kisichoonekana bila hadubini na kufikia upana wa meza.

Kaboni iko kila mahali

Swali la kumuuliza mwanafunzi sasa ni hili: katika kazi hiyo yote, kinywe kimetumika wapi? Hakikutumika. Kaboni ilitoka katika gesi. Na hata gesi hiyo si lazima iwe methani. Mwaka 2006 watafiti nchini Japani walitumia kafuri, ileile ambayo watu wa Pwani huijua katika maziko, kuotesha tando zenye tabaka kadhaa za grafini juu ya nikeli. Mwaka 2011 kundi la James Tour, katika Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani, lilionyesha kwamba grafini nzuri huweza kuoteshwa juu ya shaba kutokana na biskuti, chokoleti, nyasi, plastiki, mguu wa mende na hata kinyesi cha mbwa. Jambo hilo laweza kuwachekesha wanafunzi, lakini maana yake ni nzito: tanuri haliulizi kaboni ilikotoka.

Kiasi kinachohitajika nacho ni kidogo cha kustaajabisha. Kutokana na umbali wa atomi katika bapa, mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kukokotoa kwamba mita moja ya mraba ya grafini ina uzito wa takriban miligramu 0.76. Uwanja wa kandanda wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 ungefunikwa wote kwa kaboni isiyozidi gramu 6. Tani moja ya kaboni ingefunika zaidi ya kilomita za mraba 1,300, yaani zaidi ya robo tatu ya kisiwa cha Unguja. Mahali ambapo mali ghafi huhitajika kwa kiasi hicho, mwenye mgodi hana nguvu ya kumwekea masharti mwenye tanuri.

Wala Tanzania haijapungukiwa na methani. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004, kwa sehemu kubwa sana ni methani. Karibu zaidi na Nguvumali, huko Hale, ulijengwa mtambo wa kutengeneza gesi kutokana na mabaki ya mkonge, nao ulizinduliwa mwaka 2008. Mabaki hayo ni mengi, kwa maana katika jani la mkonge ni sehemu ndogo tu, isiyofikia ishirini, iwayo nyuzi. Ni kweli kwamba gesi ya mabaki huwa imechanganyika na kaboni dioksidi na gesi yenye salfa, na haiwezi kuingizwa katika tanuri la grafini kabla ya kusafishwa sana. Lakini tazama ugumu huo ulipo. Uko katika kusafisha na kupima, wala hauko katika kupata.

Tanga ilikwisha kufundishwa

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, nayo ikapitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana nayo mashamba yakaanzia Kikokwe, karibu na Pangani. Asili ya mmea huo ni Mexico, na jina lake katika lugha za Ulaya ni la bandari ya Sisal iliyoko Yucatan. Kwa hiyo utajiri wa Tanga wenyewe ulianza kwa mwenye mali ghafi kupoteza upekee wake. Miche 62 ilitosha kuvuka bahari na kuanzisha mshindani mpya.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha ikaja zamu ya Tanga kupoteza. Katika miaka ya 1950 maabara za Marekani na Ulaya zilikuwa zimegundua jinsi ya kutengeneza polipropilini, na mwaka 1963 Giulio Natta wa Italia aligawana na Karl Ziegler wa Ujerumani Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya plastiki za jamii hiyo. Kamba za plastiki zikaingia katika mashamba ya ngano na katika meli, na bei ya mkonge ikaanguka. Sababu nyingine zilikuwapo pia, za usimamizi na za sera, lakini kamba ya plastiki ndiyo iliyofungua mlango. Katika miaka ya 1990 mavuno hayakufikia robo ya yale ya awali. Wazee wa Tanga wanakumbuka mashamba yaliyoota vichaka na makorokoro ya mitambo iliyonyamaza.

Msomaji na aangalie jambo moja la kemia. Uzi wa mkonge ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Uzi wa polipropilini ni kaboni na haidrojeni. Tanga haikushindwa kwa sababu washindani walikuwa na kitu adimu kuliko mkonge. Ilishindwa kwa sababu watu waliokuwa mbali walijua kuipanga kaboni kwa namna nyingine, na Tanga ilikuwa ikijua kuivuna tu.

Kinywe nacho kina dalili zilezile. Huko Merelani mgodi wa kinywe ulianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1990 na kusimama baada ya muda mfupi, kwa kuwa bei haikuridhisha. Tena kinywe bandia kipo tangu Edward Acheson wa Marekani alipokipatia hataza mwaka 1896, na leo hutumika katika betri sambamba na kile cha ardhini. Mgodi ni neema, lakini ni neema ambayo maabara ya mbali yaweza kuipunguza thamani wakati wowote.

Ugumu wenyewe uko wapi

Haitakuwa haki kumwacha mwanafunzi akidhani kwamba ukipata tanuri na gesi basi elektroniki imekwisha patikana. Kazi yenyewe ndipo inapoanza.

Kwanza, utando umeota juu ya shaba, na shaba ni kipitishi cha umeme. Kwa hiyo sharti uhamishwe. Hupakwa plastiki nyembamba ya kuushikilia, shaba huyeyushwa kwa kemikali kama feri kloraidi, na utando hubaki ukielea juu ya maji kama mafuta. Kisha huchotwa polepole kwa kipande cha silikoni, na plastiki huoshwa. Katika hatua hizo utando hukunjamana, hupasuka, au hubaki na uchafu, na kila kasoro hupunguza wepesi wa elektroni.

Pili, vile vijisiwa vya kaboni havikui vyote vikiwa vimeelekea upande mmoja. Vikutanapo, pembesita zao hazilingani, na mahali hapo hubaki mshono. Mkeka mzuri wa ukili ulioshonwa ovyo huachia penye mishono, na utando wa grafini hali kadhalika. Watafiti wamejitahidi kupunguza mishono kwa kufanya vijisiwa viwe vichache na vikubwa, au kwa kutumia shaba iliyo fuwele moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, grafini haizimiki. Transista ya kompyuta ni kama bomba la maji: kazi yake ni kufungua na kufunga. Silikoni hufunga kwa sababu elektroni zake hazina budi kuruka pengo la nishati kabla ya kupita. Grafini ya kawaida haina pengo hilo. Ni bomba lipitishalo maji kwa kasi isiyo na mfano, ila halifungiki. Mwaka 2010 kampuni ya IBM ilionyesha transista ya grafini yenye uwezo wa kufikia mapigo bilioni 100 kwa sekunde, jambo linalofaa katika mawimbi ya redio, lakini ubongo wa simu na kompyuta umebaki kuwa wa silikoni. Mwaka 2024 kundi la Walter de Heer wa Georgia, Marekani, na wenzake wa Tianjin, China, lilitangaza grafini iliyooteshwa juu ya silikoni kabaidi ikiwa na pengo la takriban elektronivolti 0.6. Ni habari njema, lakini safari ya kutoka maabara hadi kiwanda bado ni ndefu.

Katika matatizo hayo matatu hakuna hata moja linaloweza kutatuliwa kwa kuchimba shimo refu zaidi. Kila moja linadai watu wanaojua kemia ya nyuso, wanaoweza kutunza pampu, na wanaoweza kupima kile wasichoweza kukiona.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanakidharau kinywe. La hasha. Betri za magari na simu zinahitaji kinywe kwa maelfu ya tani, na si vibaya Tanzania ikakichimba, ikakisafisha na kukiuza kwa bei nzuri. Tena iko grafini ya aina nyingine, iliyo kama unga, ambayo hupatikana kwa kukichambua kinywe chenyewe, nayo imejaribiwa katika rangi, mpira na zege. Huko mwenye kinywe ana nafasi yake. Lakini unga si utando. Anayechanganya unga katika zege na anayejenga transista wanafanya kazi mbili zilizo mbali kama kusaga nafaka na kufuma hariri. Kosa ni kulitumia jina moja la grafini kuzifunika zote mbili, kisha kuwaahidi vijana matunda ya kazi ya pili kwa jasho la kazi ya kwanza.

Wengine watasema kwamba nchi ambayo baadhi ya shule zake hazina maabara haina sababu ya kufikiria tando zenye unene wa atomi moja. Pingamizi hili ni zito zaidi, na lastahili jibu. Kiwanda cha kutengeneza vipande vya silikoni hugharimu fedha ambazo hata mataifa tajiri huzifikiria mara mbili. Tanuri la kuoteshea utando ni jambo jingine. Ni mrija, kipasha joto, pampu, mitungi ya gesi na vifaa vya usalama. Chuo kikuu kimoja chaweza kulimudu, na kazi yake ya kwanza si kuuza grafini, bali kulea mafundi. Fundi anayejua kutunza ombwe na gesi safi aweza kufanya kazi katika hospitali, katika kiwanda cha vioo, katika paneli za jua na katika usafishaji wa kinywe chenyewe.

Wala nchi haianzi na mikono mitupu. Katika Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tando nyembamba zimetafitiwa kwa miaka mingi kwa ajili ya nishati ya jua na madirisha yanayopunguza joto. Nuru Mlyuka, mtafiti wa idara hiyo, alichapisha mwaka 2009, pamoja na wenzake wa Uppsala nchini Sweden, kazi juu ya tando za vanadi dioksidi, ambazo hubadili tabia zake joto linapopanda. Huko Arusha, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na vitu vya kipimo cha nanomita, na mwaka 2015 likamletea Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Uhandisi ya Uingereza. Kazi zote mbili zilianza na tatizo lililoeleweka vizuri, joto la jua na maji yasiyo salama, na hazikuanza na mgodi.

Yanayopasa kufanywa

Katika miaka ya karibuni sera za madini zimesisitiza uongezaji wa thamani ndani ya nchi. Sera hiyo ni njema, ila thamani haiongezwi na mtambo wa kuponda mawe peke yake. Ingefaa sehemu ya mapato ya kinywe itengwe waziwazi kwa ajili ya maabara moja ya taifa ya tando nyembamba, yenye umeme wa uhakika na milango iliyo wazi kwa vyuo vyote. Umeme wa uhakika unatajwa kwa makusudi. Ukikatika wakati tanuri liko katika nyuzi 1,000, kazi ya siku nzima hupotea. Ingefaa pia mafundi wa maabara wapewe hadhi na mafunzo kama wahadhiri, kwa maana utando huota vizuri au vibaya mikononi mwao.

Lakini maabara ya taifa itapata wapi watu, ikiwa hawakuandaliwa sekondari? Gesi za moto na tanuri si vitu vya kuchezewa shuleni. Hata hivyo, mwalimu wa fizikia wa Nguvumali, au wa mahali pengine popote, aweza kulifundisha wazo kuu la tando nyembamba kwa penseli laini, karatasi, vipande vya karatasi ya alumini na kipimaukinzani kimoja. Wanafunzi na wachore mraba wa sentimita 2 kila upande, wakiupaka kinywe sawasawa mpaka ung'ae, kisha wachore mwingine wa sentimita 6 kwa namna ileile. Na waibane karatasi ya alumini kwa urefu wote wa kingo mbili zinazokabiliana, ndipo wapime.

Wengi watatarajia mraba mkubwa uwe na ukinzani mkubwa mara tatu. Wakiupaka kwa uangalifu, wataona kwamba vipimo viwili havipishani sana. Urefu umezidi mara tatu, lakini upana nao umezidi mara tatu, na vyote viwili hufutana. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa tando duniani kote hupima ukinzani kwa kila mraba, bila kujali ukubwa wa mraba. Matokeo yasipokubaliana, hilo nalo ni funzo: utando haukuwa sawa kila mahali, na mwanafunzi atakuwa amekutana, juu ya dawati lake, na tatizo lilelile linalowasumbua watafiti wa Korea na Marekani.

Mwanafunzi na ayaandike yote daftarini: aina ya penseli, idadi ya mipako, kila kipimo na kila kosa. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mkonge ulikuwa mali, na kinywe ni mali. Jina la Nguvumali limebeba neno hilohilo la mali, likitanguliwa na nguvu. Katika kazi ya tando nyembamba, nguvu ni ule uwezo wa kupima leo, kuandika, na kurudia kesho mpaka matokeo yakubaliane. Uwezo huo hauna mgodi. Unaanza pale mwalimu anapogawa penseli na kuwaambia wanafunzi wapime tena.